Mtikisiko Unaohesabika

Alipolirudisha gari na kuliegesha ubavuni mwa trela, hakushuka. Alizima injini, akavua helmeti akaipakata, kisha akairudisha mikono kwenye usukani na kuukamata. Tulikuwa Ennis, kusini mwa Dallas, kwenye uwanja wa Texas Motorplex, wa mbio za mstari mnyoofu za robo maili, usiku wa mazoezi ambapo mwenye gari lililopita ukaguzi anaruhusiwa kukimbia. Ubao ulikuwa umeandika maili 118 kwa saa, yaani kilomita 190, na wenzake walikuwa wanakuja mbio kumpongeza.

"Mkia wacheza," akasema.

Ni kijana wa Mombasa, mzaliwa wa Kibokoni, na gari lake ni Ford Mustang ya 1990, lile umbo la boksi ambalo Wamarekani huliita Fox. Nikamuuliza wacheza vipi.

"Wacheza, kaka. Kule mbele, nikikaribia taa za mwisho. Waenda huku, warudi huku. Nikizidi kushika usukani, nao wazidi."

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa. Ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu tulichohitaji kujua, na pale uwanjani hakuna aliyelisikiliza hadi mwisho.

## Kila mtu na dawa yake

Injini ilikuwa haijapoa na majibu yameshatolewa. Mmoja alisema balansi. Mwingine akasema shokapu za nyuma zimechoka. Wa tatu alishika tairi la mbele, akalitikisa, akasema beringi. Dereva hakuulizwa swali la pili.

Mzee mmoja wa Kitexas, aliyekuwa ameegesha hatua chache kutoka kwetu, ndiye aliyekuja na jambo la maana: ongezeni upepo. Matairi ya nyuma yalikuwa sliki, yale mapana yasiyo na kashata hata moja, na upepo wake ulikuwa 12 psi. Gari la kawaida la barabarani hujazwa 30 na kitu. Sliki imeundwa hivyo makusudi. Ubavu wake ni mwembamba na laini ili gari linapong'oka ujikunje, tairi lilale chini na kuing'ata njia. Ukipunguza upepo, linang'ata zaidi. Lakini ubavu huohuo uliokusaidia kung'oka ndio unaokwenda nao mpaka mwisho wa robo maili, na huko ulaini wake haukusaidii tena.

Tukajaza 16. Mbio iliyofuata mkia ulitulia. Meta 18 za kwanza, ambazo ndizo watu hukimbilia kuzisoma kwenye karatasi ya muda, zilipanda kutoka sekunde 1.58 hadi 1.64, lakini kijana alishuka anacheka.

"Gari limepona, kaka."

Nilimpa mkono. Tukafunga vitu, tukapakia gari kwenye trela, na barabara nzima ya kurudi Dallas nilikuwa namsikiliza akipanga mambo ya turbo.

Kilichonisumbua ni hiki. Upepo umeongezwa, mkia umetulia: sawa. Lakini upepo haukukaza bolti yoyote wala haukubadilisha kifaa chochote kilichochakaa. Umeufanya ubavu wa tairi kuwa mgumu, basi. Kama kuna kitu kilicholegea kati ya ekseli na bodi, kimebaki kimelegea vilevile, isipokuwa sasa tairi halikipi nafasi ya kujionyesha. Akiongeza nguvu na kufika maili 135 kwa saa, kitakutana naye huko, na huko hakuna muda wa kufikiri.

Au nilikuwa najisumbua bure. Matatizo mengine ni ya upepo kweli, na mzee yule alikuwa akikimbiza magari tangu sijazaliwa. Tena kijana hakuniajiri. Nilikuwa kaka yake wa uwanjani tu, na kumwambia mtu aliyefurahi kwamba gari lake bado linaumwa, huna ushahidi mkononi, si jambo dogo.

## Mitikisiko haifanani

Nieleze kwa nini neno lenyewe "linatikisika" linanitia wasiwasi kila nikilisikia gereji. Kwenye mbio hizi za mstari mnyoofu kuna mtikisiko wa kuondoka na kuna mtikisiko wa mwisho wa njia, na hiyo ni mitikisiko miwili isiyohusiana kabisa.

Wa kuondoka huja mapema, gari likiwa ndiyo kwanza limeng'oka. Njia imepakwa dawa ya kunata, tairi limenasa, ringi inazunguka kwa nguvu za injini. Ubavu unajisokota mpaka unafika mwisho wake, unaachia, unajisokota tena, unaachia tena. Gari zima linapigwa kwa vishindo vikali na vya harakaharaka hata dereva anashindwa kuona mbele. Kinachoshangaza ni kwamba dawa zake zinapingana. Dereva anaweza kuinua mguu kisha akakanyaga tena, au fundi anaweza kuongeza nguvu ili tairi livuke eneo lile badala ya kunasa ndani yake. Kupunguza na kuongeza, zote mbili zinaweza kutibu.

Kwenye magari makubwa kabisa, yale ya Top Fuel na Funny Car, mtikisiko huo ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Magari hayo hayana springi nyuma. Ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye fremu, kwa hiyo tairi lenyewe ndiyo springi pekee. Tarehe 19 Machi 2007, huko Gainesville, Florida, dereva Eric Medlen alikuwa akijaribu Funny Car ya timu ya John Force, tairi likatikisika kwa nguvu ambazo hata watu wa mchezo huo walikuwa hawajazizoea. Gari liligonga ukuta, lakini uchunguzi wa timu ulielekeza kwenye mtikisiko wenyewe: kichwa chake kilikuwa kikipigwa ndani ya keji ya chuma. Alifariki tarehe 23 mwezi huohuo akiwa na miaka 33. Baba yake, John Medlen, aliyekuwa fundi mkuu wake, aliingia kwenye kazi ya kuboresha magari hayo, na keji zikapanuliwa na kuwekwa sponji nene zaidi. Tangu niliposoma habari ile, siwezi kumsikia dereva akisema gari linatikisika nikampita kwa haraka.

Wa mwisho wa njia ni mwingine. Haukupigi vishindo. Gari linaanza kunesa kwa upande, nyuma inatangulia kushoto, inarudi, inakwenda kulia. Dereva anasahihisha na usukani, na kwa kuwa anachelewa kidogo, sahihisho lake linafika wakati gari limeshaanza kurudi lenyewe. Anakuwa anaongezea badala ya kupunguza. "Nikizidi kushika usukani, nao wazidi." Maneno yake haya.

## Mkono juu ya meza

Alinitembelea nyumbani Jumapili moja. Tulipomaliza kula nikamwomba kitu ambacho mwanzoni alidhani ni mchezo. Nikamwambia afumbe macho, akumbuke ile mbio, kisha auchezeshe mkono wake juu ya meza kama mkia ulivyokuwa unacheza. Kasi ileile, asiharakishe.

Alifumba macho. Mkono ukaanza kwenda kushoto na kulia, taratibu kuliko nilivyotarajia. Nikawasha saa ya simu na kuhesabu. Kwenda na kurudi, karibu mara mbili na nusu kwa sekunde.

Hapo nilijua kwamba balansi imetoka kwenye orodha.

Hesabu yake ni nyepesi. Tairi la nyuma lina kimo cha inchi 26, kwa hiyo mzunguko mmoja unalipeleka meta 2.07. Gari likiwa kilomita 190 kwa saa, linakwenda karibu meta 53 kila sekunde. Gawanya: tairi linazunguka zaidi ya mara 25 kwa sekunde. Kama uzito wa tairi haujakaa sawa, au ringi imepinda, mtikisiko utakuja mara moja kwa kila mzunguko, yaani mara 25 kwa sekunde. Huo hauwezi kuufuatisha kwa mkono. Utausikia kama mtetemo kwenye kiti na kwenye sakafu. Propela nayo, kwa gia za difu za 3.73, yaani mizunguko 3.73 kwa kila mmoja wa tairi, inazunguka mara 95 kwa sekunde. Hiyo utaisikia kama mvumo, karibu sauti.

Mtikisiko unaoweza kuuhesabu kwa mdomo, moja, mbili, tatu, hautoki kwenye kitu kinachozunguka. Unatoka kwenye kitu kizito kinachoning'inia kati ya vitu laini. Kwa gari hili, ama ni bodi juu ya mbavu za matairi, ama ni ekseli yenyewe kwenye bushi zake za mpira, ama ni vyote viwili vikisaidiana.

Nimekuwa nikitumia hesabu hii pia kwa ndugu wanaoniandikia kutoka nyumbani, mwenye Subaru anayesema usukani unatetemeka akiwa barabara ya Mombasa, mwenye Mark X aliyekwishabadilishiwa boljointi zote na bado. Kwa tairi la kawaida la ringi ya inchi 16 kwenye kilomita 100, mizunguko ni kama 14 kwa sekunde. Usukani ukitetemeka kwa haraka hiyo kati ya 100 na 110, kisha ukatulia ukipita 120, nenda kapime balansi kabla hujanunua kitu. Ukiwa unayumba polepole na gari zima linaserereka nao, balansi haitakusaidia, hata ukirudia mara ngapi.

Kijana alifungua macho. "Kwa hivyo si tairi?"

Nikamwambia bado sijui. Ninachojua ni kwamba si mzunguko wa tairi.

## Kamera

Hakutaka kurudi 12, na mimi nisingemwomba. Kumrudisha mtu kwenye kilomita 190 na gari linaloyumba ili mimi nithibitishe hoja yangu, hapana. Lakini kama wazo langu lilikuwa sahihi, ekseli ingekuwa bado inacheza hata kwenye 16, kwa kiasi ambacho dereva hakisikii. Tukafunga kamera ndogo kwa bolti chini ya bampa la nyuma, tukaielekeza kwenye nafasi kati ya tairi la kulia na ukingo wa madigadi. Wakaguzi wa uwanja waliivuta, wakaitikisa, wakaridhika.

Alikimbia. Akarudi. Akasema gari liko vizuri kabisa, halijawahi kuwa vizuri hivi.

Tulikaa ndani ya gari langu na kompyuta mapajani. Kuondoka, hakuna tatizo: tairi linajikunja, nyuma inashuka, nafasi ile haibadiliki. Nusu ya njia, hakuna tatizo. Kisha, alipopita alama ya futi 1,000, kama robo tatu ya njia, nafasi kati ya tairi na madigadi ikaanza kupungua. Ikawa ya kidole. Ikafunguka ikawa ya vidole viwili. Ikapungua tena. Kamera inachukua picha 60 kwa sekunde, tukahesabu picha kutoka mbano mmoja hadi mwingine: 24. Mara mbili na nusu kwa sekunde, ileile ya mkono juu ya meza.

Hakusema kitu kwa muda. Aliirudisha video nyuma, akaitazama tena, akairudisha tena.

"Na mimi nilikuwa sisikii chochote."

Sijui kama ningethubutu kumsukuma zaidi bila ile video. Naamini angeendelea kuongeza nguvu, na kila mtu, mimi nikiwemo, angeendelea kumwambia hongera.

## Chini ya gari

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo kazi ilipokuwa.

Kwanza tulitazama mistari ya rangi. Kabla ya mbio tulikuwa tumechora mstari mweupe unaoanzia kwenye ringi na kupanda juu ya ubavu wa tairi. Tairi likiteleza juu ya ringi wakati wa kuondoka, mstari unakatika na nusu mbili zinaachana. Hapo hata balansi iliyofanywa jana inakuwa haina maana. Mistari yote miwili ilikuwa imenyooka. Beringi za nyuma hazikuwa na mchezo. Nati za magurudumu zilikuwa zimekazwa sawasawa.

Kisha tukalipandisha gari kwenye rampu, likiwa limesimama juu ya matairi yake. Hili ni muhimu. Ukilining'iniza kwa jeki, uzito unaondoka kwenye bushi na bushi mbovu inaweza kujificha. Mimi nikaingia chini na tochi, yeye akashika bampa la nyuma na kulisukuma kushoto, kulia, kushoto.

Nyuma ya Mustang hii ekseli inashikwa na mikono minne. Miwili ya chini inabeba msukumo wa kwenda mbele. Miwili ya juu imekaa kwa mshazari kama herufi V, na mshazari huo ndio unaoizuia ekseli isitembee upande. Hakuna fimbo nyingine ya kazi hiyo. Kila kitu kinategemea bushi za mpira zilizoshindiliwa kwenye masikio mawili ya chuma juu ya difu.

Sikio la kushoto lilikuwa na bushi nzima. La kulia lilikuwa na unga mweusi umemwagika pembeni yake, laini, wa kushika kidoleni. Niliufuta kwa kitambaa. Chini yake palikuwa na pete nyembamba ya chuma iliyong'aa, na bushi inayofanya vizuri kazi yake haiachi chuma king'ae. Nikaingiza ncha ya mtaimbo kati ya mkono na sikio, nikabinya kidogo. Mpira ukaachana na chuma, pakafunguka upenyo wenye umbo la mwezi mchanga, kiasi cha kuingiza ukucha. Nikaachia, ukafunga. Ukiwa umefunga, bushi ilionekana nzima kabisa.

Difu ile ilikuwa imewahi kupita kwenye gereji moja mjini, na aliyeifunga alimhakikishia kijana kwamba bushi zote zimekaguliwa. Huenda alizitazama. Kwa kuzitazama tu, nami ningesema ni nzima.

Tulipokuwa bado na nguvu tukachukua vipimo. Nilikwenda na timazi, ileile ya waashi, nikaidondosha kutoka katikati ya kila gurudumu mpaka sakafuni na kuweka alama ya chaki. Umbali wa gurudumu la mbele na la nyuma kwa gari hili kiwandani ni milimita 2,553. Upande wa kushoto ulikaribia kabisa. Wa kulia, gurudumu la nyuma lilikuwa limesogea mbele milimita 9. Mkono wa chini wa kulia, ule wa bati jembamba la kiwandani, ulikuwa umejikunja kidogo. Kwa maneno mengine, ekseli ilikuwa inalisukuma gari kwa mshazari muda wote, na dereva alikuwa akilinyoosha kwa usukani bila kujua kwamba analinyoosha.

Nafikiri hapo ndipo picha ilipokamilika. Injini inapovuta kwa nguvu zote, ekseli inasukumwa dhidi ya bushi na kubaki upande mmoja, imetulia. Mwishoni mwa njia gia ya mwisho imeshaingia, msukumo umepungua, mbele ya gari imekuwa nyepesi kwa upepo unaoingia chini yake. Ekseli haina tena kinachoibana. Inaanza kutafuta nafasi ndani ya ule upenyo wa ukucha, na mbavu laini za tairi zinaukuza mwendo huo.

## Kitu kimoja kwa wakati

Hapa tulivutana. Alitaka tubadilishe kila kitu wikiendi moja: bushi, mikono yote minne, shokapu, matairi, na mbele pia. Nilimwelewa. Aliyeona video kama ile anataka limalizike. Lakini tukibadilisha vyote pamoja na mkia ukatulia, hatutajua ni kipi kilichoutuliza, na ukirudi mwakani tutaanza upya gizani. Nilimwambia hivyo kwa msisitizo kuliko ninavyopenda kusema na mtu ambaye pesa ni zake.

Alikubali. Tukaweka bushi mpya kwenye masikio ya difu, mikono ya chini migumu, na mikono ya juu inayorekebishika urefu. Kwa timazi na uvumilivu tukaifikisha tofauti ya kulia na kushoto chini ya milimita 2.

Mbele hatukugusa kitu. Hilo lilikuwa gumu kwangu mwenyewe, maana nilikuwa na mashaka na mbele pia. Kipimo cha kasta cha gari hili kilisoma digrii 1 tu. Kasta ni ule mlalo wa mhimili wa usukani, sawa na uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala: kwa sababu umelala, baiskeli ikiwa kwenye mwendo unaweza kuachia mikono na gurudumu likajinyoosha lenyewe. Digrii 1 ni kidogo mno kwa gari la kilomita 190. Lakini kama ningeigusa siku hiyohiyo, nisingejua.

Kuna kisa ninachokikumbuka kila ninapotaka kulaumu sehemu moja ya gari kwa dhambi za nyingine. Mwaka 1970, kwenye uwanja wa Lions karibu na Long Beach, California, gia boksi ya gari la Don Garlits, dereva wa Top Fuel, ililipuka miguuni pake na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Aliamua kujenga gari lenye injini nyuma ya dereva. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake na magari hayo yakawa hayanyooki, hata ikaaminika kwamba injini ya nyuma haifai. La Garlits nalo lilianza hivyohivyo, likawa linayumba. Ufumbuzi haukuwa kwenye injini wala fremu. Usukani ulikuwa mwepesi mno: dereva akigusa kidogo, gari linageuka sana. Wakaupunguza wepesi wake, gari likanyooka, na mapema 1971 akashinda nalo mashindano ya Winternationals huko Pomona. Miaka si mingi baadaye karibu kila mtu wa Top Fuel alikuwa amekaa mbele ya injini. Mkia ulikuwa unalaumiwa kwa kosa la usukani.

## Kurudi chini, psi moja moja

Tuliporudi Ennis tulianza na 16, kamera ikiwa palepale. Nafasi ya tairi na madigadi haikubadilika mpaka mwisho. Tukashusha 15. Vivyo hivyo. Kwa 14, dereva alisema gari limenyooka kuliko siku zote, na karatasi ya muda ikaonyesha meta 18 kwa sekunde 1.60.

Nilitaka tuishie hapo. Yeye ndiye aliyetaka 12, kwa mwendo wa kuachia mguu mapema akisikia chochote. Tukabishana kidogo, tukakubaliana aachie kwenye futi 1,000 bila kujali anasikia nini, na mbio ya pili ndiyo amalize ikiwa video ya kwanza itakuwa safi. Ilikuwa safi. Akamaliza ya pili.

Mkia ulicheza.

Ulicheza mara moja, kushoto, ukarudi, ukafa. Nimeitazama video hiyo mara nyingi sana, na ndiyo iliyonituliza kuliko zile ambazo hazikuonyesha kitu. Kila gari lenye mbavu laini litanesa likiguswa na upepo au na mshono wa njia. Ninachotaka kujua ni kama mneso unakufa wenyewe au unaendelea kujilisha. Kabla ya bushi, hata kwenye 16 psi, uliendelea mpaka alipoinua mguu. Baada ya bushi, kwenye 12, haukufika mzunguko wa pili.

Baadaye ndipo tulipoigusa mbele. Tuliweka sahani za kurekebisha juu ya shokapu za mbele, tukafika digrii 4 za kasta, matairi ya mbele tukayafanya yatazamane kwa kiasi cha milimita na nusu. Alisema usukani umekuwa mzito kwenye maegesho na mtulivu kwenye mbio. Mkono wake, nilipomwomba tena auchezeshe juu ya meza, ulikwenda upande mmoja na kusimama.

Bado kuna kitu hatujakubaliana. Yeye anaamini bushi ndiyo ilikuwa ugonjwa wote na kasta ni nyongeza. Mimi nadhani bushi mbovu na kasta ya digrii 1 zilikuwa zinasaidiana: nyuma inaanzisha, mbele haina nguvu ya kujinyoosha, na dereva anabaki kufanya kazi ambayo jiometri ya gari ingepaswa kuifanya. Ushahidi wa video uko upande wake, kwa sababu mneso ulikufa kabla hatujaigusa mbele. Hisia za mikononi mwake mwenyewe ziko upande wangu. Namwachia.

Sasa hivi anakimbia na 13 psi, meta 18 kwa 1.59. Turbo imeshanunuliwa, iko ndani ya boksi gerejini kwake. Nimemwomba mambo mawili kabla hajaifunga: timazi ipite tena chini ya magurudumu yote manne, na kamera isitoke chini ya bampa mpaka amalize msimu. La kamera alikubali papo hapo. La timazi amesema tutalifanya pamoja, na kwamba safari hii yeye ndiye atakayelala chini na tochi, mimi nisukume bampa.